Si Neno

Tekla Mkude alikuwa na pini nne mdomoni, ovaroli ya kijivu mapajani, na sehemu ya mia mbili na kumi na tatu ya mchezo wake, Gereji ya Angani, ikisubiriwa studio kabla ya saa saba mchana, geti lilipogongwa. Hakuinuka. Jumamosi saa nne asubuhi hakukuwa na haja ya kuuliza ni nani. Magoti ya mashine ya mzee Mihayo yalisikika yakilia zii, zii, tangu kwenye kona ya kanisa, na matusi yake yalikuwa yameyatangulia.

"Wewe Mluguru! Umeshuka mlimani leo, au ule mguu wako mfupi umenasa kwenye mgomba?"

Mzee Mihayo Kapela alikuwa Mnyamwezi. Baba yake Tekla, mzee Kolumbani Mkude, alikuwa Mluguru wa Matombo. Kwa hiyo walikuwa watani kabla hata hawajazaliwa. Miaka thelathini na moja walitengeneza mabehewa pamoja katika karakana ya reli hapa Morogoro, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake neno la adabu. Mama yake Tekla alipozikwa, mzee Mihayo alijilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku wanalia, na mzee Kolumbani alisema baadaye kwamba bila kituko kile asingepata nguvu ya kutupa udongo.

Tekla alisimamisha sindano asikilize jibu. Zamani jibu lingekuwa limeshatoka: mla michembe ya viazi kaja, ficheni sufuria! Lakini huu ulikuwa mwaka wa pili maneno yakimkimbia baba. Akili ilikuwapo. Alikijua kitu, alijua kinafanya kazi gani na kimewekwa wapi, ila jina lake likifika kooni linageuza njia. Mwaka uliopita alianza kunyamaza kabisa, akimjibu Mihayo kwa kumwonyesha ngumi tu. Ndiyo maana siku tatu zilizopita Tekla alimpeleka kliniki akawekewa Kijazi, kidude cha kumjazia maneno, cha ukubwa wa harage nyuma ya sikio, na kibandiko chembamba chini ya kidevu.

"Karibu sana, ndugu yangu Mihayo," mzee Kolumbani alisema barazani, kwa sauti yake mwenyewe, bila kukwama hata kidogo. "Nimefurahi sana kukuona. Habari za nyumbani?"

Magoti ya mashine yakanyamaza.

Tekla alitema pini akachungulia dirishani. Mzee Mihayo alikuwa amevua kofia. Alikaa kwenye ncha ya benchi kama mtu aliyekuja kutoa pole, akajibu kwamba nyumbani ni wazima, wanashukuru, kisha akaomba samahani kidogo akaingia ndani. Machozi yalikuwa yameshamjaa.

"Mwanangu," alinong'ona, "usinifiche. Daktari amesema zimebaki siku ngapi?"

"Siku za nini tena, mzee wangu?"

"Baba yako ananiaga! Kolumbani kuniita mimi ndugu? Kama si kifo basi nimemkosea. Na kama nimemkosea niambie nimekosa nini, nikaombe radhi angali anasikia."

Tekla alitaka kucheka, akashindwa. Kule barazani baba alikuwa anapiga meza kwa kiganja. "Si neno," alikuwa akisema, kwa upole wa ajabu, huku uso umemkunjamana kwa hasira. "Si neno. Si neno."

Mzee Mihayo aliondoka bila kunywa chai. Sehemu ya mia mbili na kumi na tatu ilifika studio saa nane na nusu, na haikuwa nzuri.

*

Jumatatu Tekla alibeba ovaroli tisa na malalamiko yake kwenda kliniki. Ovaroli zilikuwa za Manati. Gereji ya Angani ni mchezo wa kusikiliza, na huu ulikuwa mwaka wa tano Tekla akiuandika: mafundi sita wanatengeneza vyombo vilivyoharibikia kati ya Dunia na Zuhura, chini ya Babu Nati, mzee mwenye spana ya kumi na nne na mdomo usio na breki. Wapenzi wa mchezo huo walijiita Manati, na kila mwaka walikutana siku moja wakiwa wamevaa ovaroli za kijivu na kofia zilizotengenezwa kwa sufuria kuukuu. Tekla mwenyewe alikuwa Nati wa kutupwa. Aliingia kwenye mtandao wao kwa jina la Spana, akawa anawashonea, anabishana nao, anacheka nao. Kuna wakati walimfungia siku tatu asiandike kitu kwa kosa la kutomwelewa Babu Nati. Alitumikia adhabu yake bila kujitetea, na adhabu ile aliifurahia kuliko tuzo yoyote aliyowahi kupewa.

Mtu mmoja tu alijua Spana ni nani. Huyo alikuwa Sihaba, mtaalamu wa Vijazi pale kliniki na mwenyekiti wa Manati wa mkoa. Alipokea ovaroli kwa mikono miwili, akazinusa, ndipo akakumbuka yuko kazini.

"Dada Tekla, Kijazi hakisomi akili," alieleza baada ya kusikia mkasa wa Jumamosi. "Kinasoma misuli ya koo. Mzee akikwama zaidi ya sekunde moja na nusu, kinaangalia sauti aliyoanza kuiumba, kinatafuta maneno ambayo watu wengi huyafuatisha hapo, kinayatoa kwa sauti yake. Basi."

"Na hao watu wengi mliwapata wapi?"

"Kwenye maandishi. Magazeti, barua za maofisini, hotuba, mahubiri."

"Ndiyo maana baba yangu amekuwa mgeni rasmi."

Sihaba alicheka, kisha akafungua kumbukumbu ya Jumamosi kwenye kioo cha ukutani. Mistari ya kijani ilionyesha koo la mzee Kolumbani lilivyohangaika. "Tazama hapa. Alisema si neno, Kijazi kikafunga sentensi, kwa sababu wengi huishia hapo. Lakini koo halikuishia hapo. Unaona ulimi ulivyopanda? Alikuwa anakwenda kwenye sauti ya 'la'."

Tekla aliusoma mstari ule mara mbili. Si neno la... Si neno langu. Baba alikuwa amelia mara tatu kwamba lile si neno lake, na mara tatu mdomo wake mwenyewe ukawaambia watu wasijali. Na yeye bintiye alikuwa ameketi pale na sindano yake, akamsikia, akadhani anasamehe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Kizime," alisema.

"Naweza. Lakini atarudi kunyamaza, na unajua mwenyewe ule unyamavu ulikuwaje." Sihaba alisogeza kiti. "Au tukilishe maneno yake mwenyewe. Una rekodi zake za zamani?"

Hakuwa nazo. Mzee Kolumbani alikuwa mtu wa kuitukana simu ikielekezwa usoni kwake, na hata matusi hayo hakuna aliyeyahifadhi.

"Lakini dada, unazo sehemu mia mbili na kumi na tatu za Babu Nati!" Macho ya Sihaba yalikuwa yameshaanza kung'aa, na haikuwa rahisi kujua kama ni ya mtaalamu au ya mpenzi wa mchezo. "Wewe mwenyewe umeniambia Babu Nati ni baba yako. Nikizipakia hizi zote, Jumapili kwenye mkutano wetu mzee anapanda jukwaani akiwa mgeni wetu na anaongea kama zamani. Unahitaji kuweka kidole hapa tu, maana wewe ndiye msimamizi wake."

Tekla alikitazama kidole chake. Sehemu ishirini za mwanzo alikuwa ameiba kila kitu kutoka mdomoni mwa baba, hilo alilijua. Baada ya hapo Babu Nati aliota miguu akaanza kutembea mwenyewe. Maneno mengine yalikuwa ya baba, mengine ya kwake, na mengi yalikuwa yamechanganyika kiasi kwamba hata yeye angeulizwa lipi ni la nani asingejua. Lakini alimkumbuka mzee Mihayo na kofia yake mkononi. Akaweka kidole.

*

Jumanne asubuhi alimtilia baba uji. Mzee alionja, akaweka kikombe chini, akafungua mdomo akakwama.

"Huu uji," Kijazi kikamalizia kwa sauti yake, "una maji kuliko tangi la kituo cha Zuhura!"

Tekla alicheka mpaka akashika ukuta. Baba naye alicheka, kwa mshangao, kama mtu aliyeokota kitu mfukoni mwake asichokumbuka kukiweka. Tekla alikuwa hajakisikia kicheko kile kwa miezi mingi.

"Nani... kasema?" mzee aliuliza polepole, kwa nguvu zake mwenyewe.

"Wewe, baba."

Mzee Kolumbani alilifikiria jambo hilo. "Zuri," alisema. "Ila mimi... sijafika Zuhura."

Asubuhi ile yote aliongea. Aliutukana mkate, akaitukana redio, akamwambia jirani juu ya ukuta kwamba kuku wake wana sura ya makarani. Jirani alifurahi akamrudishia, na mzee akapigilia la pili. Alikaa wima kitini. Tekla alifanya kazi yake dirishani akiandika kwa kasi, na fahari ilimjaa kifuani. Alijisifu: mimi ndiye niliyeyaweka maneno haya akiba wakati yeye hajui kama atayahitaji. Ni mtoto gani mwingine amemhifadhia mzazi wake kinywa kizima?

Saa sita alimletea chakula barazani. Baba alikuwa anaitazama picha ya mama iliyoning'inia karibu na mlango.

"Mama yako," alisema. "Siku ile ya kwanza. Nilikwenda... kwao. Akanipa..."

Akakwama. Mkono wake ulikuwa umefumbwa kidogo hewani, umeshika kitu kisichokuwapo. Tekla aliinua uso. Hadithi hii hakuwahi kuisikia.

"Spana ya kumi na nne," kilisema Kijazi.

Mzee aliutazama mkono wake, akamtazama mwanawe. "Spana?" aliuliza.

Tekla aliweka sahani chini. Ile spana ilikuwa ya sehemu ya arobaini na sita. Mke wa Babu Nati anampa mumewe spana siku ya posa. Tekla aliitunga jikoni, akimenya viazi, kwa sababu sehemu ile ilikuwa haina mwisho. Manati walikuwa wameipenda mno; wengine waliichora begani.

"Ndivyo... ilivyokuwa?" baba aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa kumwamini, kama mtu anayemuuliza mwenyeji njia.

"Sijui, baba," alisema Tekla. "Sikuwepo."

"Spana," mzee alirudia, akijaribu kulizoea.

Tekla aliingia ndani akakaa juu ya kitanda. Angekiacha Kijazi hivi, baba angeongea na kucheka na kukaa wima mpaka mwisho wa siku zake, na siku moja asingebaki na mama yeyote kichwani isipokuwa yule aliyetungwa na binti yake akimenya viazi. Angekiondoa, angemrudishia ukweli wake wote, na kufuli juu yake. Hakuna aliyewahi kumfundisha kuchagua kati ya hayo mawili.

Jioni alimpigia mzee Mihayo akamweleza yote, kwamba yule aliyemwita ndugu alikuwa kifaa. Mzee alishusha pumzi ndefu.

"Nimefurahi hafi," alisema. "Ila mwanangu, kifaa kikitumia sauti yake, mimi nitajuaje ni nani anayenitukana? Jumapili nitakuja. Lakini sifungui mdomo mpaka nimjue wa kunijibu."

*

Jumapili saa tisa alasiri ukumbi ulijaa Manati mia sita. Kofia za sufuria zilimeta, ovaroli zilipangana mstari kwa mstari, na thelathini kati ya hizo zilikuwa zimepita mikononi mwa Tekla. Mzee Mihayo alikaa mbele kabisa na suti yake ya kanisani, mikono juu ya magoti, kimya.

Nyuma ya pazia Sihaba alikuwa ameshamvua mzee Kijazi na kukisafisha, tayari kukibandika tena. Tekla alikichukua akapiga goti mbele ya kiti cha baba.

"Baba, yaliyomo humu ni maneno yangu," alisema. "Mengine ni yako niliyoyachukua bila kukuomba, lakini mengi ni yangu. Ukikivaa utaongea vizuri na watu watafurahi. Usipokivaa huenda ukasimama mbele yao usiseme kitu. Mimi nilikuamulia mara moja na nilikosea. Sema wewe."

Halafu akasubiri. Hili alikuwa hajalifanya hata siku moja katika miaka miwili. Siku zote alimsaidia: maji, baba? dawa? redio? Sasa alifunga mdomo akakaa. Nje Manati walipiga sufuria zao. Sihaba alitazama saa.

Mzee Kolumbani alikipokea Kijazi, akakizungusha kidoleni jinsi alivyokuwa akiikagua nati, akamrudishia Tekla kiganjani na kukifumba kiganja chake.

"Mazuri," alisema. "Nilicheka. Lakini... ni yako." Akagusa kichwa chake. "Binti yangu... fundi."

Tekla aliinuka. Alimshika mkono wakapanda jukwaani, na alipofika kwenye kipaza sauti aliwaambia Manati kwamba yeye ndiye mwandishi wao, na pia ndiye Spana, na anawasamehe zile siku tatu. Ukumbi ulilipuka. Kisha akasema, "Huyu ni baba yangu, mzee Kolumbani Mkude, fundi wa mabehewa. Maneno yake yanakuja polepole. Msimsaidie."

Mzee alisimama. Akatazama sufuria zote zile. Mdomo ukafunguka, haukutoa kitu. Mtu mmoja nyuma akaanza kupaza ule msemo maarufu wa Babu Nati, na Tekla akanyanyua mkono kumnyamazisha. Kimya kikawa kirefu. Kikawa kirefu mno. Watu wakaanza kutazama viatu vyao, na Tekla akahisi Kijazi mfukoni mwake kama kaa la moto.

Hapo ndipo yaliposikika zii, zii. Mzee Mihayo alikuwa ameliona sikio tupu.

"Wewe Mluguru!" alinguruma. "Watu wamevaa vyombo vya jikoni kwa ajili yako, na wewe umesimama kama behewa lililosahauliwa Kilosa! Mimi magoti yangu ni ya mashine, lakini matusi ni ya kwangu. Wewe una nini?"

Shingo ya mzee Kolumbani ilinyooka. Ngumi ikapanda.

"Wewe," alisema. "Wewe Mnyamwezi... wewe ni... ki..."

Mzee Mihayo alitega sikio.

"Wewe ni ki... kijiko!"

Sekunde moja hakuna aliyeelewa. Kisha mzee Mihayo alijikunja kwa kicheko, akashika kiti, magoti yakilalamika. "Kijiko!" alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Miaka yote hiyo sijawahi kuitwa kijiko! Mnamsikia? Huyu mzee ni mzima! Huyu ni mwenyewe!" Manati mia sita walisimama, wakavua kofia zao na kuzigonga, kijiko, kijiko, kijiko, mpaka madirisha yakatetemeka. Tekla alisimama kando ya baba yake, na katika kazi zote alizowahi kupigiwa makofi, hakuwahi kuona fahari kama ile aliyoiona kwa neno moja ambalo hakuliandika yeye.

Lakini mzee Kolumbani hakuwa anacheka. Alikuwa anautazama mkono wake, uliofumbwa kidogo hewani.

"Kijiko," alisema taratibu, akamgeukia Tekla. "Mama yako. Vidole vyangu... viliungua. Karakana. Kwao wote wanakula... kwa mkono. Akaona. Akanipa... kijiko."

Neno lile lilikuwa safarini tangu Jumanne. Lilikuwa limekwenda kwa miguu, likipita njia zake, na sasa limefika. Tekla alimkumbatia baba yake mbele ya watu wote na kulia bila kujificha.

Sihaba alikuwa ameshapanda na daftari lake, uso umeng'aa. "Mzee wetu, tusi hilo ni tamu! Unaturuhusu Babu Nati alitumie?"

Mzee Kolumbani alimtazama kwa muda.

"Si neno," alisema.

"Ameruhusu!" Sihaba alisema, akaanza kuandika. Tekla aliushika mkono wake, kalamu ikasimama. Sekunde moja na nusu ikapita. Zikapita tano. Mzee Mihayo aliacha kucheka. Koo la mzee lilipanda, likashuka, likapanda tena.

"Langu," mzee Kolumbani alimalizia. "Ni la... mama yake."

Sihaba alifuta alichoandika. Mzee akanyanyua kidole kuonyesha kwamba bado anaendelea, na ukumbi mzima, ovaroli na sufuria zake, ukakaa chini kumsubiri.